Shajara ya mradi: diski sita za kanda za ngoma, Dodoma

Machi, mvua bado zipo

Leo tumekubaliana kwamba studio inaachana na diski za nje za USB na kuhamia kwenye seva moja yenye diski nyingi. Kabati la chumba cha uhariri limejaa hizo za USB, kila moja imebandikwa karatasi yenye majina ya maharusi, na bila kuichomeka hujui ndani kuna nini. Harusi na sendofu ndizo zinazotulipia pango. Lakini kilichonifanya nisukume mradi huu ni sanduku lililo chini ya kabati: kanda za MiniDV (kanda ndogo za video) na kaseti za sauti zilizorekodiwa zamani katika vijiji vya Chamwino, Bahi na Mpwapwa. Humo kuna ngoma za Wagogo, wazee wakipiga zeze na ilimba, akina mama wakipiga ngoma za muheme. Wengi wanaosikika humo wameshatangulia mbele ya haki. Kanda zenyewe zinazeeka, mashine za kuzisomea zinaadimika, kwa hiyo tukishazihamisha kwenda kwenye kompyuta, nakala ya kompyuta ndiyo itakayobaki kuwa kumbukumbu.

Mama, mwenye studio (sote tunamwita hivyo), ameuliza swali moja: "Mwanangu, tununue diski ya ukubwa gani?" Nimemwomba anipe muda. Ukubwa ni swali la haki, ila ukianza nalo peke yake unaishia kununua nafasi nyingi isiyo na ulinzi.

Hata hivyo hesabu ya ukubwa lazima ifanyike. Kamera zetu zikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 12.5 kila sekunde, yaani gigabaiti 45 kwa saa. Sherehe ya saa sita yenye kamera mbili inaacha gigabaiti 540. Kanda ya MiniDV ikihamishwa kama ilivyo, bila kubanwa, inachukua kama gigabaiti 13 kwa saa. Kaseti ya sauti tukiinakili kwa kilohezi 96 na biti 24, chaneli mbili, ni gigabaiti 2 na kidogo kwa saa. Sanduku zima la ngoma ni dogo ukilipima na harusi za msimu mmoja. Chenye thamani kubwa ndicho kinachochukua nafasi ndogo, na jambo hilo nitalirudia nikifika kwenye nakala za akiba.

Machi, mwisho wa mwezi

Nimesimama mbele ya ubao na wenzangu ili wote tuelewe tunachonunua. Sitaki mfumo ambao mtu mmoja tu ndiye anaujua.

Wazo la kuunganisha diski nyingi ziwe safu moja lilipata sura yake mwaka 1988, pale David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoonyesha kwamba diski nyingi ndogo za kompyuta za mezani zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya bei kali ya mashine za enzi hizo. Walionyesha na hatari yake. Diski moja ndogo ya wakati ule ilikadiriwa kudumu saa 30,000 kwa wastani. Weka 100 kwa pamoja bila kinga, na wastani wa kusubiri mpaka mojawapo ife unashuka hadi saa 300, pungufu ya wiki mbili. Kila diski unayoongeza inakupa nafasi na kasi, na papo hapo inakuongezea uwezekano wa msiba. RAID, jina la mipangilio ya kuunganisha diski nyingi ziwe safu moja, ni majibu ya hesabu hiyo.

RAID 0 inagawa data vipande vipande na kuvisambaza kwenye diski zote. Kasi yake ni kubwa kuliko zote, nafasi yote ni yako, na diski moja ikifa umepoteza kila kitu, hata vipande vilivyo kwenye diski zilizo salama, kwa sababu hakuna faili kubwa linalobaki kamili. Nimeifuta ubaoni mapema. RAID 1 inaandika kitu kilekile kwenye diski mbili. RAID 10 inachukua jozi kadhaa za namna hiyo na kusambaza data juu ya jozi. RAID 2, 3 na 4 zipo kwenye vitabu, madukani hutazikuta sana, nimezipita.

RAID 5 na RAID 6 ndizo zilizotuchukua muda, kwa sababu zinatumia pariti (biti za ziada za kurudishia data iliyopotea), na mhariri wetu hakuridhika mpaka aone inavyofanya kazi. "Kaka, diski imekufa, data yake inatoka wapi?" Nikamwandikia mfano. Tuseme diski tatu zina biti hizi: ya kwanza 1011, ya pili 0110, ya tatu 1100. Kwa kila safu wima unahesabu moja ziko ngapi: zikiwa witiri andika 1, zikiwa shufwa andika 0. Safu ya kwanza ina moja mbili, andika 0. Ya pili mbili, 0. Ya tatu mbili, 0. Ya nne ina moja peke yake, andika 1. Pariti ni 0001, nayo inakaa kwenye diski ya nne. Nikafuta ile ya pili kwa kiganja. Nikamwambia achukue 1011, 1100 na 0001, afanye hesabu ileile. Akapata 0110. Akarudia tena kwa kufuta ya tatu, akapata 1100. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

RAID 5 ina pariti moja, ikizungushwa kwenye diski zote ili isiwepo diski moja inayoelemewa. RAID 6 inaongeza pariti ya pili inayotokana na hesabu nyingine ya aljebra, tofauti na ile ya kwanza, na kwa hiyo inahimili kupotea kwa diski zozote mbili.

Seva tuliyopata ina nafasi nane mbele. Mbili nimezitenga kwa diski za SSD, zisizo na sehemu inayozunguka, sita kwa diski kubwa za terabaiti 8. Kwa hizo sita, RAID 0 ingetupa terabaiti 48, RAID 5 terabaiti 40, RAID 6 terabaiti 32, RAID 10 terabaiti 24. Mama ameitazama namba 40, kisha 32, akauliza: "Hizo nane tunazimwaga?" Nimemjibu kwamba hizo nane ni za siku ambayo diski moja imeshakufa na ya pili inaanza kukohoa. Akasema nimletee maelezo ya siku hiyo.

Aprili

Maelezo ya siku hiyo, basi. Nayaandika kwa kirefu kwa sababu kwangu ndiyo kiini cha kazi yote. Safu ya diski nataka ipimwe kwa jinsi inavyopita zile saa ambazo diski moja haipo, na siku za kawaida ambapo taa zote ni za kijani zije baadaye.

Diski ya terabaiti 8 ikijengwa upya, yaani mbadala wake ukijazwa data iliyopotea, kwa megabaiti 200 kwa sekunde inachukua sekunde 40,000, ambazo ni saa 11. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Diski inakwenda kasi kwenye mistari ya ukingoni, na ikifika ndani kasi inashuka hadi karibu nusu. Juu ya hapo wahariri wanaendelea na kazi zao, maana mteja wa Jumamosi hajali kwamba seva inaumwa. Weka siku nzima, hata zaidi.

Katika siku hiyo nzima RAID 5 haina kinga yoyote. Diski tano zilizobaki zinasomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, terabaiti 40 kwa jumla, na mara nyingi ni diski za umri mmoja, zilizokaa kwenye joto lilelile. Si lazima ya pili ife. Inatosha ishindwe kusoma sehemu ndogo tu. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huandika kwamba kosa la kusoma lisilorekebishika halitazidi moja kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, ambazo ni terabaiti 12.5. Diski za daraja la juu huandikwa kipeo cha 15, yaani terabaiti 125. Namba hizo ni kikomo cha juu ambacho mtengenezaji anajifunga nacho, na diski nyingi hufanya vizuri kuliko hapo. Lakini unapopanga kusoma terabaiti 40 bila msaada wowote, huku kikomo ulichopewa ni 12.5, unapanga kwa kutegemea bahati. RAID 6 katika saa hizohizo bado ina pariti ya pili. Sehemu ikigoma kusomeka, inahesabiwa upya, kazi inaendelea.

RAID 10 ina ubora wake na sitaki kuudharau. Diski ikifa, inasomwa pacha wake tu, terabaiti 8, nyingine hazisumbuliwi sana, na kazi inaisha mapema. Udhaifu ni kwamba katika zile tano zilizobaki, moja, yule pacha, ndiye anayeshikilia roho ya safu nzima. Akianguka yeye, mambo yamekwisha. Akianguka mwingine yeyote, mnaendelea. RAID 6 haichagui ni ipi.

Mama amesoma. Amesema tuendelee na 32.

Aprili, baada ya Pasaka

Kasi. Hapa mhariri alikuja na video ya mtu anayesifu RAID 0, nami nikaona heri tuhesabu badala ya kubishana.

Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Data unayoitaka, kwa wastani, iko nusu mzunguko mbele, yaani milisekunde 4.2 hivi. Kabla ya hapo mkono wa kusomea unatakiwa uhamie mstari unaohusika, nayo inakula kama milisekunde 8. Jumla ni 12, kwa hiyo diski moja inahudumia kama maombi 80 madogo kwa sekunde, si zaidi sana. Sita zinafika 480 kwa kusoma. Kwenye kuandika ndipo mipangilio inapoachana. RAID 10 inaandika kila kitu mara mbili, inabaki na 240. RAID 5, ili kubadilisha kipande kidogo, inasoma data ya zamani, inasoma pariti ya zamani, inaandika data mpya, inaandika pariti mpya: kazi nne kwa moja, zinabaki 120. RAID 6 ina pariti mbili, kazi sita kwa moja, zinabaki 80. Diski sita, nguvu ya moja.

Ukiishia hapo unaweza kuikimbia RAID 6. Lakini video haiandikwi hivyo. Faili la kamera linaingia kwa mfululizo, na mfumo ukikusanya data ya kutosha kujaza mstari mzima wa diski zote sita, hauna haja ya kusoma chochote cha zamani. Unahesabu pariti kwenye kumbukumbu na kuandika vyote kwa mpigo. Ile adhabu ya sita kwa moja inatoweka, na diski nne za data zinafanya kazi bega kwa bega. Maandishi madogo yanayorukaruka tunayo pia: katalogi ya kanda, ambayo ni databezi, pamoja na mafaili ya miradi ya uhariri yanayojihifadhi kila dakika. Hayo nimeyapeleka kwenye zile SSD mbili zilizofungwa kama RAID 1. SSD haina mkono wa kuhamisha wala sahani ya kuzungusha, maombi madogo elfu kadhaa kwa sekunde haiyaoni tabu. Nafasi yake ni ndogo, na kwa kazi hiyo inatosha kabisa.

Kwa hiyo hatukuchagua mpangilio mmoja kwa kila kitu. Kila aina ya maandishi imepata diski zake. Nadhani studio nyingi zingepumua kama zingefanya hivi kabla ya kununua mashine kubwa zaidi.

Kuhusu ile video ya RAID 0: diski zetu sita kwa pamoja zingeweza kutoa zaidi ya megabaiti 1,000 kwa sekunde. Swichi yetu ya mtandao ni ya gigabiti 1, yaani megabaiti 125 kwa sekunde ukijumlisha kila kitu. Diski moja peke yake inaijaza kebo hiyo. Tungehatarisha kila kitu kupata kasi ambayo haipiti kwenye kebo. Tumeweka kadi za gigabiti 10 kati ya seva na kompyuta kuu ya uhariri peke yake, wengine wamebaki kwenye swichi ya zamani, na malalamiko yamekwisha.

Mei

Ununuzi umefanyika Kariakoo, kwa kumtuma kijana wetu aliyekuwa anakwenda Dar. Nilimpa masharti kwa maandishi.

La kwanza, diski zisiwe zote za toleo moja. Zikitoka kiwandani pamoja na kasoro moja, zinaweza kufa pamoja, na hesabu zangu zote za Aprili zinadhania kwamba hazifi pamoja. Amepata tatu duka moja, tatu duka jingine, namba za toleo ni tofauti.

La pili, zisiwe za teknolojia ya SMR. Kwenye hizo mistari ya data hupandana kama mabati ya paa, ili sahani ileile ibebe zaidi. Ukitaka kubadilisha bati la chini lazima uinue la juu, kwa hiyo kuandika upya kunakuwa kizito sana, hasa siku ya kujenga upya, siku ambayo huna muda wa kupoteza. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa matumizi ya safu kama yetu, zilikuwa za SMR bila kutajwa kwenye maelezo. Tangu hapo watengenezaji wamekuwa wazi zaidi, ila lazima utafute namba ya modeli na kuisoma. Sanduku halisemi.

La tatu, ziwe diski zinazojua kukata tamaa mapema. Diski ya kompyuta ya kawaida ikikutana na sehemu mbovu inaweza kuhangaika nayo zaidi ya dakika nzima. Linux, mfumo endeshi wa seva, kwa kawaida inasubiri sekunde 30, kisha inaihesabu kwamba haijibu. Diski za seva huacha baada ya kama sekunde 7 na kusema sehemu hii imenishinda, nayo safu inaichukua kutoka kwenye pariti. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya diski yenye kovu moja isifukuzwe kama maiti.

Zilipofika nilizichomeka moja moja na kusoma kumbukumbu zake za ndani kwa smartctl, programu ya kukagua diski. Tano zilionyesha saa chache za kupimwa kiwandani. Ya sita ilionyesha zaidi ya saa 19,000 za kazi, ambayo ni miaka miwili na zaidi, ndani ya mfuko mpya uliofungwa vizuri kabisa. Kijana alirudi nayo kwa muuzaji, akabadilishiwa bila ubishi mrefu. Nawaomba wote mnaonunua diski: kabla hujaiweka hata faili moja, soma namba ya saa ilizofanya kazi, sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa kwa ubovu na sekta zinazosubiri kuamuliwa. Ni amri moja na dakika moja. Baada ya hapo nimeziacha zikiandikwa na kusomwa mwanzo hadi mwisho, zote sita, kabla ya kuziunganisha.

Mei, mwishoni: programu

Kadi ya RAID iliyokuja na seva nimeiweka ifanye kazi ya kupitisha tu, diski zionekane moja moja. Kadi ya namna hiyo ikifa, mara nyingi unahitaji nyingine ya ukoo uleule ili usome diski zako, na hapa Dodoma siwezi kuipata siku hiyohiyo. Programu huria inasomeka kwenye kompyuta yoyote yenye nafasi za kutosha za kuchomekea.

Nilikuwa na njia mbili za kuunganisha diski kwa programu: mdadm ya Linux, ambayo nimeitumia miaka na naiheshimu, na ZFS, mfumo wa mafaili unaosimamia na diski zenyewe. Nimechagua ZFS, kwa mpangilio wake wa raidz2, ndugu wa RAID 6. Sababu ni kanda za wazee. RAID ya kawaida inajua diski iliyokufa, lakini diski iliyo hai inayorudisha biti isiyo sahihi haiijui. Ukaguzi ukiona pariti hailingani na data, mdadm haijui nani mwongo, na ukiiambia irekebishe inaandika tu pariti upya kulingana na data iliyopo. ZFS inaweka cheksamu, yaani namba ya uhakiki, kwa kila bloku (kipande cha data). Inaposoma inalinganisha, na bloku ikiwa mbovu inaitengeneza kutoka kwenye pariti na kuiandika tena sawa. Kanda ambayo huenda isifunguliwe na mtu kwa miaka kumi inahitaji mlinzi wa namna hiyo, na kila mwezi nimepanga ukaguzi wa bloku zote, ziguswe hata kama hakuna anayeziomba.

Gharama zake nimezikubali. Raidz2 kwa maombi madogo ina nguvu kama ya diski moja, hata kwenye kusoma, ndiyo maana zile SSD zipo. Kuongeza diski moja kwenye kundi lililokwisha kujengwa hakukuwezekana mpaka OpenZFS 2.3 ilipotoka Januari 2025, na bado naona ni kazi ya kufanya kwa utulivu, nakala zikiwa mkononi. Pia nafasi isijazwe pomoni. Terabaiti 32 za dukani, kompyuta inapohesabu kwa 1,024, zinaonekana kama 29. Nikiacha asilimia 20 wazi, napanga kazi kwa 23. Hiyo ndiyo namba niliyompa Mama, asije akashangaa mwakani.

Juni: umeme, vumbi

Mvua zimekatika, upepo umeanza. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100, hewa ya usiku ni ya baridi na seva inaipenda, lakini mchana vumbi linaingia hata penye dirisha lililofungwa. Tumeweka kichujio cha kitambaa mbele ya feni, kijana anakikung'uta kila Jumatatu. Diski zinakaa nyuzi 36 hadi 41. Zikipita 45 napata ujumbe kwenye simu.

Umeme nimeupa uzito zaidi ya vumbi. Kwenye RAID 5 au 6 ya kawaida, umeme ukikatika katikati, data mpya ikiwa imeandikwa na pariti yake bado, mstari huo unabaki na pariti ya uongo. Ukiwaka salama na diski zote zipo, inarekebishwa. Lakini ikiwa na diski nayo imekufa kwenye tukio hilohilo, data inayohesabiwa kutoka kwenye pariti ya uongo itakuwa ya uongo, tena kwa faili ambalo hukuligusa siku hiyo. ZFS haiandiki juu ya kilichopo. Inaandika pembeni, kisha inahamisha kielekezi kwa hatua moja, kwa hiyo ni ama hali ya zamani ama hali mpya. Hata hivyo nimefunga UPS, betri ya akiba ya umeme, na kuiunganisha na seva kwa kebo ya USB: betri ikishuka hadi kiwango nilichoweka, seva inajizima yenyewe kwa utaratibu. Fundi umeme amevuta waya wa ardhi upya, ule wa zamani ulikuwa umefungwa kwenye bomba la plastiki. Stabilaiza imekaa mbele ya UPS.

Juni, jaribio

Sikutaka kanda hata moja iingie kabla sijaona safu ikiumia na kupona. Tulijaza terabaiti kadhaa za harusi za zamani na kuandika alama ya sha256 ya kila faili (namba inayobadilika faili likibadilika hata biti moja) kwenye daftari la kompyuta nyingine.

Mhariri akafungua harusi moja na kuicheza. Nikashika trei ya nafasi ya tatu, nikavuta. Picha ilisimama kwa kitambo kidogo, ikaendelea. "Kaka, taa ya njano hiyo." Kwenye skrini, zpool status, amri ya ZFS ya kuonyesha hali ya safu, ilionyesha neno DEGRADED (imepungukiwa) juu na diski moja imeandikwa REMOVED (imeondolewa). Nikavuta na ya nafasi ya tano. Hapo bibi harusi alikuwa anaingia ukumbini, na aliingia bila kukwama. Diski mbili ziko mezani, video inacheza, Mama amesimama mlangoni na mikono kifuani. "Ukitoa ya tatu je?" Nikamwambia ya tatu ndiyo mwisho wa safu, na hiyo sitoi.

Kurudisha tulifanya kwa uaminifu: moja nilirudisha ileile, nyingine nikaifuta kabisa na kuiingiza kama diski mpya. ZFS inajenga upya data iliyopo tu, haihangaiki na sehemu tupu, kwa hiyo ilikuwa haraka kuliko zile saa 11. Safu ikijaa muda utarefuka, nimewaambia wasizoee. Kesho yake tulihesabu alama za mafaili yote upya na kulinganisha na daftari. Zote sawa.

Diski ya saba imenunuliwa na kuwekwa kabatini, imeshapimwa, tayari kuingia. Muda wa kungoja diski itoke Dar ni sehemu ya zile saa za hatari, na huo tunaweza kuufuta kwa pesa ya diski moja.

Julai

Kanda zimeanza kuingia. Ya kwanza ni ya Bahi, ilimba na sauti za wazee wawili.

Jambo ambalo nimelisema hadi koo likakauka: safu hii si nakala ya akiba. Mtu akifuta folda kwa bahati mbaya, inafutwa kwenye diski zote sita kwa uaminifu mkubwa. Mwizi akibeba seva, anabeba na pariti. Kwa kufuta kwa bahati mbaya tumeweka snapshoti (picha za hali ya mafaili) za kila siku, ambazo wahariri hawana ruhusa ya kuzigusa. Kwa moto na wizi, zile gigabaiti chache za kanda zinatusaidia: zinaenea kwenye diski moja ya nje. Nakala moja inakaa Nzuguni nyumbani kwa Mama, nyingine inakwenda Dar kwa ndugu yake. Zinabadilishana kila mwisho wa mwezi, alama za sha256 zinakaguliwa kabla ya diski kutoka mlangoni. Harusi zilizokabidhiwa kwa mteja hazipati heshima hiyo, zinakaa kwenye safu kwa mwaka mmoja kisha zinafutwa, na mkataba mpya unamwambia mteja hivyo.

Ukaguzi wa kwanza wa mwezi umeisha, makosa sifuri kwenye diski zote. Kanda za Bahi zimekwisha, za Chamwino zimefika nusu. Kaseti za Mpwapwa zinasubiri, maana dekki ya kuzisomea inahitaji mkanda mpya wa mpira. Fundi wa pale Majengo ameahidi kuuleta Jumatatu.